Joseph Bazalgette, mutu wa mifereji ya London

Bandugu watumishi wa migodi, bamama, na watoto wenye kusoma: leo tunawaletea maisha ya Joseph Bazalgette. Hakukuwa mutu wa shaba wala wa kobalti. Alikuwa injenieri wa Uingereza, na kazi yake kubwa ilikuwa chini ya udongo sawa vile kazi yetu. Alichimbisha njia za maji machafu chini ya muji wa London. Watu wengi wanajua sehemu ya kwanza ya maisha yake, yenye iko ya sifa. Sehemu ya pili inasemwa kidogo: yale maji machafu yalitoka kwenye muji yakaenda wapi, na nani aliyapokea. Sisi wenye kuishi karibu na viwanda vya kusafishia madini tunapaswa kujua sehemu zote mbili.

Bazalgette alizaliwa tarehe 28 mwezi wa tatu mwaka wa 1819, kule Enfield, upande wa kaskazini wa London. Jina lake ni la Ufaransa kweli kweli. Nkambo yake, Jean-Louis Bazalgette, alitoka Ufaransa akaingia Uingereza na kazi ya kushona nguo, akafika mpaka kushonea mutoto wa mufalme. Baba yake alikuwa ofisa kwenye jeshi la majini. Joseph mwenyewe alikuwa mutu mufupi, mwenye mwili wa kugonjwa-gonjwa. Alijifunza kazi chini ya injenieri John MacNeill, kwenye mipango ya kukausha mashamba yenye maji na kujenga njia za reli. Mwaka wa 1842 akafungua ofisi yake.

Ile miaka, kila tajiri wa Uingereza alikuwa anataka kujenga reli. Kazi ilikuwa nyingi kupita nguvu. Mwaka wa 1847 Bazalgette akaanguka: mwili na akili vilichoka, ikamulazimu kuacha kazi na kwenda kupumuzika muda murefu. Sisi tunajua ule ugonjwa. Mutu anatumika posti juu ya posti, na siku moja mwili unakataa. Wakati alipata nguvu tena, mwaka wa 1849, hakurudia reli. Aliingia kwenye ofisi ya serikali yenye kuangalia mifereji ya London.

London ya wakati ule ilikuwa muji mukubwa kupita yote ya Ulaya, na watu karibu milioni mbili na nusu. Zamani, uchafu wa vyoo ulikuwa unaingia kwenye mashimo chini ya nyumba, na watu walikuwa wanalipwa kwa kuutoa usiku. Kisha vyoo vya kumwangia maji vikaanza kuenea, na wakubwa wakaamuru ile mashimo ifungwe, uchafu wote uingie kwenye mifereji. Na mifereji yote ilikuwa inaishia kwenye muto mumoja, Thames, katikati ya muji. Kwenye ule ule muto, makampuni yalikuwa yanavuta maji ya kuuzia watu wa kunywa.

Kolera ikaja. Mwaka wa 1848 na 1849 iliua watu zaidi ya 14 000 kule London. Ikarudi mwaka wa 1853 na 1854, ikaua zaidi ya 10 000. Munganga John Snow alionyesha mwaka wa 1854 kama ugonjwa ulikuwa unatoka kwenye maji ya kunywa. Lakini wakubwa wengi hawakumusadiki. Wao walisema kolera inatoka kwenye harufu mubaya. Bazalgette naye alitumika kati ya watu wenye walikuwa na ile mawazo ya harufu. Tunapaswa kusema vile, juu inaeleza mambo mengi yenye yatafuata.

Mwaka wa 1856 serikali ikaunda komite mupya ya kujenga kazi za muji, na Bazalgette akawa injenieri wake mukubwa. Alikuwa na mupango tayari: kuchimba mifereji mikubwa yenye kupita sambamba na muto, yenye itakamata uchafu mbele haujafika kwenye Thames, na kuupeleka mbali upande wa bahari. Lakini mupango ulilala kwenye meza miaka mbili. Ubishi ulikuwa juu ya jambo moja: mulango wa mwisho, fasi kwenye uchafu utatokea, uwekwe wapi? Serikali ilikataa kwa sababu ile milango ilikuwa karibu sana na muji. Kila kilometre ya kuongeza ilikuwa na bei yake, na hakuna mwenye alikuwa anataka kulipa.

Kisha jua la mwezi wa sita 1858 likawaka. Maji ya Thames yakashuka, uchafu ukabaki wazi kwenye kingo, na harufu ikaingia mpaka ndani ya Bunge, lenye liko pale pale kando ya muto. Walilowanisha mapazia ya madirisha kwa dawa ya kloro na chokaa, bila faida. Watu masikini walikuwa wamekufa maelfu na maelfu, na sheria haikukuja. Siku harufu ilifika kwenye pua za wakubwa, sheria ilipigiwa kura kwa majuma machache tu. Mwezi wa nane 1858 Bazalgette akapata feza na ruhusa. Bandugu, mutie hii jambo kwenye akili.

Kazi ilianza mwaka wa 1859. Kulikuwa mifereji mitatu mikubwa upande wa kaskazini wa muto, na miwili upande wa kusini: kwa jumla karibu kilometre 132 za mifereji mikubwa, zenye kupokea maji ya mifereji mingine midogo ya mabarabara. Walitumia matofali milioni 318. Mifereji mingi ilikuwa na umbo la yai lenye kusimama na ncha chini, ili hata wakati maji ni kidogo yakimbie na nguvu na uchafu usilale. Kila kilometre ilishuka karibu sentimetre 38 tu. Bazalgette alichagua sima ya Portland, yenye mafundi wengi walikuwa bado wanaogopa, na alilazimisha kila sehemu yenye kuletwa ipimwe mbele ya kutumiwa. Na hakupimia paka hesabu ya watu wa siku ile. Mifereji yake aliipangia watu milioni tatu na nusu karibu.

Fasi kwenye udongo uko chini sana, maji hayawezi kutembea yenyewe. Pale alijenga nyumba za mashini za kupandisha maji: Deptford, Crossness, Abbey Mills, na Pimlico nyuma. Kule Crossness kulikuwa mashini ine za muvuke, zenye kula makaa ya mawe muchana na usiku. Kwa hiyo London ilisafishwa pia na jasho la wachimbaji wa makaa ya mawe, wenye hawakufika hata siku moja kuona ile mifereji.

Na wajenzi? Maelfu ya watu walichimba na mapiki na mapawa. Waliweka miti ya kushikilia kuta, sawa vile sisi tunashikilia paa la tuneli. Mwaka wa 1862 mufereji wa zamani wa Fleet ulipasuka, maji machafu yakajaza mashimo ya reli ya chini ya udongo yenye ilikuwa inajengwa karibu. Ule mwaka kazi ilianza, 1859, wajenzi wa London walikuwa kwenye mugomo mukubwa wa kuomba siku ya kazi ya saa kenda. Wenye mali walifunga siantye na kusema hakuna mutu atarudi kazini mbele hajatia saini ya kukataa sendika. Watumishi hawakupata zile saa kenda, lakini mwanzo wa 1860 ile karatasi ya saini iliondolewa. Vitabu vingi vya kusifu mifereji havisemi hii. Sisi tunaisema.

Sasa tufike kwenye mulango wa mwisho. Uchafu wa kaskazini ulitokea kule Beckton, karibu na Barking. Uchafu wa kusini ulitokea Crossness, ngambo ingine. Mafasi yote mbili iko chini ya muji, upande wa bahari, lakini bado ni kwenye muto. Wenzetu wengi hawajaona bahari, kwa hiyo tueleze. Maji ya bahari yanapanda na kushuka mara mbili kwa siku. Wakati yanapanda, yanasukuma maji ya Thames yarudi nyuma, kuelekea muji. Wakati yanashuka, muto unakimbia kwenda bahari. Kama unamwanga uchafu wakati mubaya, utaurudisha mwenyewe mpaka kwenye mulango wa nyumba yako.

Walijaribu na vitu vyenye kuelea: walivitupa kwenye maji na kuvifuata kwa mashua, kuona vinaenda mpaka wapi na vinarudi mpaka wapi. Kutoka pale Bazalgette akapata hesabu yake kubwa. Uchafu wenye kumwangwa wakati maji yako juu kabisa, pale tu yanaanza kushuka, ni sawa na kuumwanga wakati maji yako chini fasi yenye kuwa mbali zaidi kwa kilometre 19. Yaani, kwa kuchagua saa, unapata kilometre 19 bila kuchimba hata metre moja. Njo maana alijenga mabwawa ya kufunikwa pale Crossness na Beckton: uchafu unangojea ndani, na milango inafunguliwa paka wakati maji yanaanza kushuka.

Ilikuwa akili kubwa. Lakini ilikuwa na kasoro, na kila mutu wa migodi anaweza kuiona. Fikiria wagoni kwenye reli. Unaisukuma hatua kumi na mbili mbele, kisha inarudi hatua kumi na moja. Imetembea sana, lakini imeenda hatua moja tu. Uchafu wa London ulikuwa hivyo: ulishuka na maji, ukapanda tena na maji, ukashuka tena, na kila siku uchafu mupya ulikuwa unaongezwa juu ya ule wa jana. Zaidi ya ile, maji ya mifereji hayana chumvi, ni mepesi kupita maji ya bahari, na kule kwenye yanakutana yanapenda kuelea juu. Na vitu vizito, muchanga na matope, vilianguka chini karibu na mulango. Kutoka si kuchanganyika, na kuchanganyika si kupotea.

Mwezi wa ine 1865 mutoto wa mufalme alikuja kufungua mashini za Crossness. Mwaka wenye ulifuata, 1866, kolera ilirudi London na kuua watu zaidi ya 5 000. Lakini ilishambulia hasa upande wa mashariki, fasi kwenye mifereji mipya haikukuwa bado imeungana, na kwenye watu walikunywa maji yenye yalichafuliwa. Fasi kwenye mifereji ilikuwa imeisha, watu wengi walipona. Nyuma ya pale London haikuona tena kolera kubwa. Mwaka wa 1892, wakati Hamburg kule Ujerumani ilizika watu zaidi ya 8 000 kwa kolera, London haikuguswa. Ile ni sifa ya Bazalgette, na hakuna mutu anaweza kumunyanganya. Alijenga juu ya kupiganisha harufu; kumbe aliondoa uchafu kwenye maji ya kunywa, na ile njo iliokoa watu.

Lakini watu wa Barking, wenye kuishi karibu na mulango wa kaskazini, walianza kulalamika mbio. Walisema muto wao umeharibika na matope ya kunuka inajaa. Serikali ilituma mutu wa kuchunguza. Malalamiko haikupata nguvu. Mwaka wa 1877, kapiteni Calver, mwenye alitumwa na wasimamizi wa muto, aliandika kama vilima vya matope vyenye kufunga njia ya mashua vinatoka kwenye ile milango. Bazalgette alijibu kwa hesabu na maneno makali kama haiko vile. Alikuwa anatetea kazi ya maisha yake. Tunaelewa moyo wa mutu wa kazi. Lakini wenye kuvuta ile harufu kila siku hawakukuwa yeye.

Tarehe 3 mwezi wa tisa 1878, magaribi, mashua ya muvuke Princess Alice ilikuwa inarudisha watu London. Walikuwa familia za watu wa kawaida, wababa, wamama na watoto, wenye walilipa feza kidogo kwa kwenda kupumuzika siku moja kando ya maji. Karibu na Woolwich ikagongana na Bywell Castle, mashua kubwa ya chuma yenye ilikuwa inaenda kaskazini kuchukua makaa ya mawe. Princess Alice ikakatika na kuzama kwa dakika chache tu. Fasi ile ilikuwa pale pale kati ya milango ya uchafu, na karibu saa moja mbele, milango ilikuwa imefunguliwa: lita karibu milioni 340 za uchafu ziliingia kwenye muto. Watu wakaangukia ndani ya ile maji. Walikufa karibu 650. Maiti zaidi ya mia moja hazikujulikana ni za nani, zikazikwa pamoja. Musalaba wa kuwakumbuka ulilipwa na watu zaidi ya 23 000, kila mumoja akitoa senti zake kidogo.

Nyuma ya ile, kunyamaza hakukuwezekana tena. Mwaka wa 1882 serikali iliunda komite ya uchunguzi, na mwaka wa 1884 ikatoa uamuzi: kumwanga uchafu mubichi kwenye muto ni vibaya, lazima vitu vizito vitengwe kwanza. Kwa hiyo, kutoka 1887, kwenye Beckton, kisha Crossness, walianza kutia chokaa na dawa ya chuma kwenye maji ili uchafu uanguke chini. Wenzetu wa viwanda vya madini watacheka: ni kazi yenye wanaijua, kutia chokaa ili madini ianguke na maji ibaki safi kidogo. Matope yenye ilibaki ilipakiwa kwenye mashua na kutupwa kwenye mulango wa bahari. Mashua ya kwanza ya ile kazi iliitwa Bazalgette. Kutupa matope baharini kuliendelea miaka zaidi ya mia moja, mpaka 1998. Kwa hiyo hata pale, uchafu ulisogezwa tu kwenye fasi ingine.

Bazalgette alifanya mengi mengine. Alijenga kingo za mawe kando ya Thames, zenye njia ya magari juu na mifereji ndani, na ile ya Victoria iliisha mwaka wa 1870. Alijenga madaraja ya Hammersmith, Putney na Battersea. Malkia alimupatia cheo cha Sir. Pamoja na bibi yake Maria walizaa watoto kumi na mumoja. Aliacha kazi mwaka wa 1889, na akafa kule Wimbledon tarehe 15 mwezi wa tatu 1891, akiwa na miaka 71. Sehemu kubwa ya mifereji yake inatumika mpaka leo.

Leo mainjenieri wenye kutoa maji machafu kwenye bahari hawaachi mulango mumoja mukubwa kwenye kingo. Wanasafisha kwanza, kisha wanapitisha tiyo chini ya bahari mpaka mbali, na kwenye mwisho wanatoboa matundu madogo mengi. Kila tundu linarusha maji kwa nguvu, na yale maji yanavuta maji ya bahari ndani yake wakati yanapanda. Kisha mawimbi na mikondo inamaliza kuyasambaza. Kule Boston, Marekani, tuneli ya kilometre karibu 15 ilianza kutumika mwaka wa 2000, na inatoa maji kupitia matiyo 55 yenye kusimama. Mwaka wa 1999, watumishi wawili walikufa ndani ya ile tuneli juu mashini yao ya pumuzi iliharibika. Maji safi ya bahari yao ina bei yenye hailipwi na feza tu.

Sisi tunapata nini kwenye maisha ya huyu mutu? Uchafu wa vyoo, ukipewa wakati na hewa, wadudu wadogo wa maji wanaukula. Shaba, kobalti na risasi haviozi. Mutu akikuambia kama muto ni mukubwa, maji itachanganya yote, muulize ile madini italala wapi. Maji ya kiwanda yenye kubeba matope na chumvi ni mazito, inashuka chini na kutembea kwenye matope, fasi kwenye bamama wanavua samaki na watoto wanaoga. Na muto wetu hauna kushuka na kupanda kwa bahari: yenye imeingia huku inaenda moja kwa moja kwa wenzetu wa chini.

Sheria ya migodi, yenye ilitengenezwa tena mwaka wa 2018, inalazimisha kampuni kufanya uchunguzi juu ya mazingira na maisha ya watu, na kutia saini mapatano na watu wa fasi ile. Wajumbe wetu wa sendika na wa komite ya usafi na usalama, waombe ile karatasi. Waulize mulango wa mwisho uko wapi. Waulize maji inafunguliwa saa gani, na kama wakati wa mvua bwawa linafunguliwa usiku. Waulize nani anapima, anapimia fasi gani, na hesabu inatundikwa wapi ili kila mutu aisome. Wasiulize kwa ajili ya watumishi peke yao, waulize pia kwa ajili ya vijiji vya chini ya muto, kwa sababu wale hawana mujumbe ndani ya kiwanda. London ilingoja harufu ifike kwenye Bunge, kisha ikangoja watu 650 wazame. Sisi tusingoje.